Mji Hauchaguliwi kwa Jua

Kuhama ni jambo la zamani kama binadamu. Watu wamehama kwa njaa, wamehama kwa vita, wamehama kwa biashara na kwa ndoa, na hapana aliyewalaumu. Lakini katika siku zetu imeenea sababu nyingine, ambayo husemwa kwa furaha kana kwamba haihitaji ushahidi, nayo ni kuhama kwa ajili ya joto. Mtu aliyeishi miaka thelathini katika nyanda za juu huamka asubuhi moja ya mwezi wa Julai, akauona ukungu umelala juu ya paa la jirani, akasikia vidole vyake vimekufa ganzi, akakata shauri palepale kwamba atauza alicho nacho aende zake Mombasa, au Malindi, au Kisumu. Ukimwuliza kwa nini ameuchagua mji ule na si mwingine, hukujibu neno moja: jua.

Nakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba jibu hilo halitoshi. Sisemi kwamba joto ni baya, wala sisemi kwamba watu wa nyanda za juu wakae walikozaliwa mpaka wazikwe huko. Nasema kwamba jua ni sifa ya anga, na mji si anga. Mji ni maji, ni nyumba, ni kazi, ni afya, ni majirani. Mwenye kuchagua mji kwa jua peke yake ni kama mwenye kuoa kwa kutazama kanga: rangi ameiona, lakini aliyejifunga kanga hiyo hajamjua. Wewe usomaye maneno haya huenda leo huna kiwanja wala fedha za kukinunulia. Hata hivyo miaka kumi haiko mbali, na fikira ambazo mtu huamulia maisha yake hupandwa angali kijana.

Haki ya mshindani ni kusikizwa kwanza. Basi na tumsikize. Baridi ya nyanda zetu za juu si mzaha. Kati ya mwezi wa Juni na Agosti pepo zenye unyevu kutoka upande wa kusini mashariki hupanda juu ya miinuko, zikatanda mawingu mazito, na jua likaweza kufichika siku kadhaa mfululizo. Mjini Nairobi asubuhi ya Julai huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, na Limuru au Nyahururu hali huwa kali zaidi. Magoti ya wazee huuma, vifua vya watoto hukoroma. Kila msimu wa baridi husikika habari za jamaa walioingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala, wasiamke tena. Kwa maana gesi ya kaboni monoksidi itokayo katika makaa haina rangi wala harufu, na huua kimya kimya. Mtu aliyeona hayo akitamani mahali pa joto, tamaa yake ina haki. Ninachopinga mimi si tamaa hiyo. Napinga hesabu mbovu ifanywayo kwa jina lake.

Kosa la kwanza katika hesabu hiyo ni kutojua joto hutoka wapi. Katika nchi za Ulaya mtu atafutaye joto hulifuata kusini. Katika Kenya hulifuata chini. Nanyuki na Kisumu zote mbili ziko karibu sana na mstari wa Ikweta, na jua lipitalo juu ya mji mmoja ndilo lipitalo juu ya mwingine. Lakini Nanyuki iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu iko karibu mita 1,130. Kwa hiyo usiku mmoja huo mtu wa Nanyuki hujifunika mablanketi mazito, na mtu wa Kisumu huona shuka ni mzigo. Kwa wastani hewa hupungua joto kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, na huongezeka kiasi hicho hicho kwa kila mita 1,000 ashukazo.

Ukiijua kanuni hii ndogo, utaona jinsi wengi wanavyokwenda mbali kutafuta kilicho karibu. Limuru iko juu ya mita 2,200. Thika iko karibu mita 1,500. Ashukaye kutoka Limuru hadi Thika amejipatia nyuzi 4 hivi za joto kwa mwendo wa saa chache kwa gari, wala hakuacha lugha yake, wala jamaa zake, wala daktari wake. Embu na Machakos nazo ni mahali ambapo mzee mwenye magoti mabovu angeweza kupumzika. Anayedai kwamba hapana dawa ya baridi ila bahari, huyo hakutazama ramani. Alitazama picha ya mnazi tu.

Kosa la pili ni kuhesabu Julai na kuisahau Machi. Mgeni hufika Mombasa mwezi wa Julai, wakati upepo wa kusi unavuma na mchana hauzidi sana nyuzi 28, akaapa kwamba ameiona pepo kabla ya kufa. Au hufika katika likizo ya Desemba, akakaa siku tano karibu na maji, hana kazi ya kufanya ila kula na kulala, akadhani kwamba hivyo ndivyo wenyeji wanavyoishi. Asilolijua ni mwisho wa kaskazi, mwezi wa Februari na Machi, upepo unapofifia na masika bado hayajaja. Hapo mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na usiku hauleti nafuu kubwa. Hapo ndipo mji humpima mtu.

Wala si idadi ya nyuzi peke yake inayochosha. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho. Na jasho haliupozi mwili kwa kutiririka, bali kwa kukauka. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na hewa iliyokwisha kushiba maji haina haraka ya kuyapokea mengine. Jasho hubaki juu ya ngozi, na moto hubaki ndani. Ndiyo sababu nyuzi 32 za Mombasa humlemea mtu kuliko nyuzi hizo hizo katika nchi kavu. Tena zingatia tofauti hii: aliye na baridi huongeza nguo, na sweta moja humtumikia miaka mingi, aliye na joto akishavua shati hana tena la kuvua. Baada ya hapo ni feni, na feni hutaka umeme, na umeme hutaka fedha kila mwezi. Baridi hununua mara moja, joto hukodi.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kuuliza jua kabla ya kuuliza maji. Kisiwa cha Mombasa hakina mto wa maji matamu, na visima vyake vingi vina chumvi. Maji ya mji huo hutoka mbali. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kuyaleta kutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mengine hutoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki, mengine Tiwi na Marere. Yote hayo hayajautosheleza mji. Mifereji mingi hukauka kwa siku kadhaa, na wauza maji husukuma mikokoteni yao yenye mitungi kutoka mtaa hadi mtaa. Mgeni aliyekuja kufuata jua hulikuta jua bila ya shaka. Halafu hujifunza kuoga kwa kikombe.

Hapa pana jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Chemchemi za Mzima hupata maji yake kutokana na mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano na kutokea chini yake. Mto Sabaki, ukiufuata juu kwa juu, huitwa Galana, kisha huitwa Athi, na vijito vyake vya kwanza vimo katika nyanda za juu za kati, jirani na Nairobi. Maana yake ni kwamba mtu aliyezikimbia nyanda za juu kwa sababu ya mawingu yake, hunywa maji ya mawingu hayo hayo huko alikokimbilia. Ukungu aliouapiza Limuru ni ndugu wa mvua aitegemeayo Mombasa. Watu wote wakiudharau mlima na kuukata msitu wake kwa kuwa ni mahali pa baridi pasipopendeza, mji wa joto nao utakufa kiu. Baridi unayoikimbia ndiyo mama wa maji uyatafutayo.

Kama ushahidi wa nyumbani hautoshi, tutazame mahali ambapo kuhama kwa ajili ya jua kumefanywa kwa wingi mkubwa. Nchini Marekani, tangu Vita vya Pili vya Dunia, mamilioni ya watu wameacha majimbo ya kaskazini yenye theluji wakahamia majimbo ya kusini yenye jua. Mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona, uko jangwani. Mwaka 1950 ulikuwa na watu karibu 107,000; katika hesabu ya mwaka 2020 walifika zaidi ya 1,600,000. Waliambiwa kwamba majira ya baridi huko ni matamu kama asali, na hilo ni kweli. Lakini majira ya joto nayo yana zamu yake. Mwaka 2023, tangu mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kuzidi nyuzi 43. Katika wilaya ya Maricopa, ambamo mji huo umo, vifo 645 vilihesabiwa mwaka huo kuwa vilitokana na joto au vilichangiwa nalo. Sehemu ya maji yake huvutwa kutoka mto Colorado kwa mfereji wenye urefu wa kilomita 540 hivi, na mto wenyewe umepungua. Mwaka huo huo wa 2023 serikali ya jimbo ilizuia vibali vya mitaa mipya, katika eneo la Phoenix, ambayo ingetegemea maji ya chini ya ardhi peke yake. Hayo yametokea katika nchi tajiri, yenye mashine za kupoza hewa karibu katika kila nyumba. Je, sisi tutajitetea kwa nini?

Tuje katika afya, maana wapenda joto hulitumia sana neno hilo. Ni kweli kwamba hewa ya joto huwafaa baadhi ya wagonjwa. Lakini mbu naye anaipenda. Kimelea cha malaria hukua polepole sana ndani ya mbu penye baridi, na hukua upesi penye joto; ndiyo sababu Nairobi ina malaria kidogo, na kando ya Ziwa Viktoria kuna malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na pwani nayo haikusalimika. Mtu aliyekulia Kisumu amepigana na ugonjwa huo tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kiasi. Mtu aliyekulia Nyahururu hakujifunza, na homa ya kwanza humwangusha vibaya. Sisemi haya ili kutisha; chandarua kipo, dawa zipo, zahanati zipo. Nasema ili ajuaye aende na chandarua chake. Aliyehama kwa ajili ya afya, akaacha kuuliza habari za mbu, amefunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Jambo la nne ni nyumba. Watu wa pwani hawakuanza jana kuishi na joto. Ukitembea katika Mji wa Kale wa Mombasa, au katika Lamu, ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, utaona elimu iliyojengwa kwa mawe. Vichochoro ni vyembamba, ili ukuta mmoja umtilie kivuli mpitaji na ukuta wa pili. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, hazipitishi moto upesi. Ndani mna ua wazi wa kuvuta hewa, na nje mna baraza ya kukaa jioni. Nyumba za makuti nazo hupumua kwa paa. Watu hao walizijua pepo kwa majina, wakajua kusi huvuma lini na kaskazi lini, nao walijenga kwa kuzitii.

Mhamiaji wa leo hufanya nini? Huleta ramani ya nyumba ya nyanda za juu, iliyokusudiwa kuhifadhi moto, akaisimamisha kando ya bahari. Huweka mabati bila dari, madirisha makubwa ya vioo yanayotazama magharibi, ukuta mwembamba wa matofali ya saruji, na uwanja uliokatwa miti yote ili gari lipate kugeuka. Ifikapo saa tisa alasiri nyumba imekuwa tanuri, naye hulaumu hali ya hewa. Joto halikumtendea neno. Yeye ndiye aliyekuja mjini bila ya kuusoma mji. Mkataa la mkuu huvunjika guu, na mwenyeji wa mahali ni mkuu wa mahali, hata akiwa mvuvi asiye na viatu.

Nimemtaja mwenyeji, na hapa ndipo hoja inapogusa heshima ya binadamu. Watangazaji wa viwanja hunena habari za pwani kana kwamba ni nchi tupu iliyokuwa ikingoja wanunuzi. Haikuwa tupu kamwe. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, iliyowataka watu wadai mashamba yao na kuandikishwa. Waliojua karatasi walidai. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuhitaji karatasi, hawakuandikishwa, wakajikuta wageni katika makaburi ya babu zao. Kidonda hicho hakijapona. Mtu atokaye bara na fedha mkononi, akanunua kiwanja kwa kuwa kina jua na kiko karibu na bahari, bila ya kuuliza nani alipanda mwembe ule na nani amezikwa chini ya ule mbuyu, hununua ugomvi pamoja na mchanga. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji aondoke. Mwenye kuhamia mji ajiulize ataleta nini, kama vile ajiulizavyo atapata nini. Ajaye kuota jua tu hana alicholeta.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza litasema: mbona watu wa bara wamehamia Mombasa tangu zamani na wamestawi? Ni kweli wamestawi. Lakini tazama walikuja kwa nini. Walikuja kwa reli, ambayo kazi yake ilianza Mombasa mwaka 1896; walikuja kwa bandari, kwa ualimu, kwa uuguzi, kwa biashara. Kazi iliwaita, na joto walilipokea kama nyongeza. Walijifunza Kiswahili cha majirani, wakawaozesha na kuozeshwa, wakazika na kuzikiwa. Hao si mashahidi wa mshindani wangu. Ni mashahidi wangu mimi.

La pili litasema: mbona wageni wa Ulaya, kama Waitaliano wa Malindi, hufuata jua na hawajuti? Wengi wao huja kwa msimu na kuondoka kwa msimu, na hulipia upepo wa mashine kwa fedha zilizopatikana kwingineko. Kama wewe unayo nyumba ya pili ya kurejea masika yakianza, na malipo ya uzeeni kutoka nchi ya mbali, basi insha hii haikukusudia wewe. Lakini mwalimu mstaafu auzaye shamba lake lote ili ahame, hana njia ya kurudi. Yeye akikosea, hakosei kwa msimu mmoja.

La tatu litasema: unaogopesha watu bure, kwa maana hata Nairobi ina shida zake. Hilo nalikubali kwa moyo mkunjufu, na linaitia nguvu hoja yangu. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi. Wakoloni walipendezwa na uwanda tambarare wa kuweka njia za treni, na hewa isiyowachosha, na mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa hadi huko. Walikuwa wakikimbia joto, kama vile leo wengine wanavyokimbia baridi. Hawakuuliza sana maji ya mvua yatapita wapi katika ardhi ile ya kinamasi. Miaka michache tu baada ya kituo kuanzishwa tauni ilizuka, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Na katika mvua za mwaka 2024, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 200 katika Kenya, mitaa ya Nairobi iliyo kandokando ya mito ilikuwa miongoni mwa iliyoumia. Mji uliochaguliwa kwa sifa moja au mbili huacha deni, na deni hilo hulipwa na wajukuu. Baridi haikuwa sababu ya kutosha ya kuchagua mji. Basi na joto si sababu ya kutosha.

Liko na jambo moja linalokuhusu wewe kijana kuliko wazee. Dunia inazidi kupata joto. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza kamili ambao wastani wa joto la dunia ulizidi kwa nyuzi 1.5 ule wa zamani, kabla viwanda havijaenea. Barafu ya Mlima Kenya, waliyoisifu babu zako, imebaki vipande tu. Mzee wa miaka sabini anapochagua mji wa joto, anachagua joto la leo. Wewe mwenye miaka kumi na sita ukiuchagua mji huo huo, unachagua joto la miaka hamsini ijayo, ambalo litakuwa kubwa zaidi, na bahari iliyopanda juu zaidi. Kinachoonekana leo kuwa blanketi, kesho huenda kikawa mzigo, na nyanda za juu tunazozikimbia zikawa ndizo zinazokimbiliwa. Usiuze kwa bei ya maharagwe mahali ambapo wajukuu wako watapatafuta kwa machozi.

Basi mtu afanyeje anayetaka kuhama? Na ahame, lakini kwa mizani. Auzuru mji katika mwezi wake mbaya, si katika mwezi wake mzuri. Aende Mombasa mwezi wa Machi, aende Kisumu wakati wa mvua kubwa na mbu. Akae katika mtaa wa watu wa kawaida, si katika hoteli. Asimwulize muuza viwanja habari za maji. Amwulize msukuma mkokoteni, na mama aamkaye usiku kungoja mfereji. Ahesabu kazi, shule na hospitali kabla ya kuhesabu nyuzi za joto. Atazame wenyeji wamejengaje, kisha ndipo achore nyumba yake. Atafute joto la karibu kabla ya joto la mbali, kwa maana mara nyingi mita mia chache za kushuka zatosha. Na mwisho ajiulize kama watu wa mahali pale watafurahi kwamba amekuja.

Akishayauliza hayo yote, na majibu yakawa mema, aende kwa amani, na jua alipokee kama zawadi juu ya mambo mengine. Kwa maana jua huwaka bure juu ya kila mtu, na hapana mji uwezao kujivunia kwamba umelitengeneza. Lakini maji ya mferejini, kivuli cha baraza, na jirani akubebaye kwenda hospitali usiku wa manane, hivyo ni vitu ambavyo mikono ya watu imevitengeneza. Mji huchaguliwa kwa hivyo.